Kizuri Chajiuza? Historia ya Ubora wa Kahawa katika Nkubu, Meru

Utangulizi

Wahenga walituachia methali isemayo kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkulima, methali hii ina ahadi ndani yake: akilitunza shamba lake vema, akachuma kwa wakati na kulitayarisha zao lake kwa uangalifu, soko litamtambua na kumlipa haki yake. Makala haya yanakusudia kuipima ahadi hiyo kwa historia ya zao moja katika mahali pamoja, yaani kahawa katika Nkubu, mji mdogo wa Imenti ya Kusini ulio kilomita zipatazo 15 kusini ya mji wa Meru, kwenye barabara iendayo Embu. Hoja yetu ni kwamba neno ubora, katika historia ya kahawa ya sehemu hizo, halikuwa sifa ya tunda peke yake. Lilianza kuwa sababu ya kumkataza Mwafrika asipande. Likageuka kuwa sharti la kupandia. Kisha likawa kipimo kilichoshikwa na watu wengine, mbali na shamba. Hata hivyo, chini ya neno hilohilo, wakulima walijenga ufundi wao wenyewe ambao hakuna sheria ingaliweza kuutunga.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lishughulike na mambo ya mashamba. Jibu ni kuwa ubora huhukumiwa kwa maneno. Tunda halijiiti zuri wala baya. Huitwa hivyo na mtu fulani, kwa lugha fulani, mahali fulani. Kwa hiyo historia ya ubora ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nani alikuwa na haki ya kutaja.

Yafaa pia tueleze kwa nini tumechagua kahawa. Wakulima wa Ulaya wanaolima zabibu za mvinyo wamezoea kufundisha kuwa mvinyo mzuri huanzia shambani: katika mteremko, katika udongo, na katika mkono unaoshika makasi ya kupogolea. Katika Afrika Mashariki, zabibu za mvinyo zina makao yake Dodoma, ambako zilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana katika miaka ya 1950, na ambako kituo cha utafiti cha Makutupora kimezishughulikia kwa muda mrefu. Nkubu haikupata kujulikana kwa mizabibu. Lakini yote ambayo mkulima wa mzabibu husema juu ya mteremko, udongo na makasi, mkulima wa Nkubu huyajua kwa mti mwingine. Na kama tutakavyoona sasa hivi, lugha yenyewe ilikwisha kuvihusisha vinywaji hivi viwili kabla ya mche wa kwanza kupandwa Meru.

1. Neno na mti: njia mbili tofauti

Neno kahawa limetokana na Kiarabu, qahwa. Wanaleksikografia wa Kiarabu wa zamani walilieleza neno hilo kuwa ni mojawapo ya majina ya mvinyo, na wakalihusisha na hali ya kupunguza hamu ya chakula. Kinywaji cha buni kilipoenea Yemen katika karne ya 15, hasa miongoni mwa Masufi waliokitumia ili wakeshe katika ibada, kiliridhi jina lililokuwa la mvinyo. Si ajabu basi kwamba wanazuoni wengine walikitilia shaka, na mwaka 1511 mjini Makka palikuwa na jaribio mashuhuri la kukipiga marufuku. Jina lilishinda marufuku, likasafiri hadi Uturuki na Ulaya, na kwa upande wetu likavuka bahari mpaka Pwani.

Kwa upande mwingine, maneno yetu ya zabibu na mvinyo yalifika kwa vyombo vingine. Zabibu ni Kiarabu, na katika lugha hiyo neno hilo lilitaja tunda lililokaushwa, si lile bichi. Yaelekea Pwani ililijua tunda kavu la biashara kabla ya kuuona mti wake, kwa maana neno la tunda kavu ndilo lililoupa mzabibu jina. Mvinyo ni Kireno. Divai ni Kifaransa. Maneno matatu, milango mitatu.

Kwa kahawa, Pwani ilikuwa na maneno mawili yaliyogawana kazi. Buni, kutoka Kiarabu bunn, zilikuwa punje zenyewe, na mti wake ukaitwa mbuni. Kahawa ilikuwa kinywaji. Mgawanyo huu ulikuwa wa wanywaji. Katika Lamu na Mombasa mwuza kahawa na dele lake la shaba alikuwa mtu wa kila siku barazani, ijapokuwa buni zenyewe zilitoka ng'ambo. Kahawa ilizungumzwa kwa Kiswahili kabla ya kulimwa na Waswahili.

Mti ulipita njia yake mwenyewe. Asili ya kahawa ya Arabika ni misitu ya nyanda za juu za Uhabeshi, na miti yake ya mwitu imeonekana hata katika mlima wa Marsabit, kaskazini ya Meru. Lakini mti uliolimwa Kenya haukushuka kutoka huko. Uliletwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambao walipanda miche yao Bura, katika Taita, mwaka 1893, na baadaye katika misheni ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi. Kutoka huko ulienea katika mashamba ya walowezi wa Kiambu, Ruiru na Thika. Hivyo neno lilitoka Pwani na mche ukatoka misheni, vikakutana bara. Na vilipokutana, Mwafrika alikuwa ameruhusiwa kulitumia neno lakini hakuruhusiwa kuupanda mti.

2. Ubora kama ukuta

Yafaa kusema kwa uangalifu jinsi katazo hilo lilivyokuwa. Haikuwa lazima pawepo sheria isemayo waziwazi kwamba Mwafrika asipande kahawa. Sheria ya mwaka 1918 ya kuandikisha mashamba ya kahawa ilimtaka kila mkulima awe na leseni, na ilitosha leseni hizo zisitolewe kwa Waafrika. Ukuta ulijengwa kwa karatasi.

Sababu zilizotolewa na walowezi zilikuwa nne. Ya kwanza, kwamba Waafrika hawangeweza kuzuia magonjwa na wadudu, na kuwa mashamba yao yangeyaambukiza yale ya Wazungu. Ya pili, kwamba wizi wa kahawa ungeongezeka na usingetambulika. Ya tatu, kwamba kahawa yao ingekuwa duni na kuharibu jina la kahawa ya Kenya katika soko la London. Ya nne haikutajwa sana hadharani, nayo ilikuwa nzito kuliko zote: Mwafrika mwenye miti yake asingeenda kufanya kazi kwa ujira mdogo katika miti ya mwingine.

Ikumbukwe kwamba hofu ya ugonjwa haikuwa ya kubuni. Chulebuni, ugonjwa unaooza matunda mabichi mtini, uligunduliwa Kenya mwaka 1922, tena magharibi ya nchi, katika mashamba ya walowezi wenyewe. Ukungu hauulizi rangi ya mwenye shamba. Hoja ya ubora, kwa hiyo, iliazima ukweli wa shamba ili kutetea jambo la kibanda cha vibarua.

Mfano wa kuipinga ulikuwapo karibu. Katika Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wakilima Arabika zao wenyewe, na mwaka 1925 waliunda chama cha wapandaji wenyeji kulinda zao lao, kabla ya chama hicho kurithiwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kahawa yao iliuzwa nje ya nchi kama kahawa nyingine. Na serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa imetangaza, katika Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923, kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kuwa maslahi yao yatatangulizwa. Kati ya tamko hilo na mche mmoja wa kahawa kutiwa shimoni kwa ruhusa katika ardhi ya Mwafrika wa Meru, ilipita zaidi ya miaka kumi.

3. Ruhusa yenye masharti

Mlango ulifunguliwa kidogo katika miaka ya 1933 na 1934, serikali ilipokubali jaribio katika wilaya tatu: Kisii, Embu na Meru. Uteuzi huo una maana yake. Wilaya hizo zilikuwa na mwinuko na mvua zifaazo, lakini zilikuwa pia mbali na mashamba ya walowezi. Kiambu, palipokuwa na udongo uleule mwekundu na Waafrika waliofanya kazi katika kahawa kwa miaka mingi, haikuchaguliwa. Kwa maneno mengine, waliokuwa na uzoefu walinyimwa, na waliopewa walikuwa wale ambao ungo wao ulikuwa mbali na mpaka wa mlowezi.

Kanuni za mwaka 1934 za kahawa ya wenyeji ziliuweka ubora chini ya ulinzi. Mkulima alihitaji leseni. Eneo lililoruhusiwa katika kila wilaya lilikuwa na kikomo. Miche ilitoka katika vitalu vilivyokubaliwa. Shimo, nafasi, matandazo na upogoaji vilifuata maagizo ya ofisa wa kilimo, na miti iliyopuuzwa iliweza kung'olewa. Ukweli ni kwamba mengi ya maagizo hayo yalikuwa mafunzo mema ya kilimo. Mlowezi naye alihimizwa kuyafuata. Tofauti ni kwamba kwa mlowezi yalikuwa shauri, na kwa mkulima wa Meru yalikuwa amri.

Hapana budi tukumbuke pia mazingira ya wakati huo. Miaka hiyohiyo Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, kati ya 1932 na 1934, ilikuwa ikichunguza mipaka ya ardhi ya Waafrika. Mwenye busara aliyeona jinsi ardhi nzuri ya Kiambu ilivyotwaliwa baada ya kuonekana kuwa yafaa kahawa, alikuwa na sababu ya kujiuliza kama mti huu ulikuwa zawadi au ni kigingi cha mpimaji.

Wasomaji wa jarida hili watapenda kujua kwamba miongoni mwa wakuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930 alikuwamo H. E. Lambert, yuleyule ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alichapisha uchunguzi wake wa lahaja za Pwani: Kivumba, Chichifundi na Chijomvu. Huko Meru anakumbukwa kwa jinsi alivyoliingiza baraza la wazee, Njuri Ncheke, katika utawala wa wilaya. Mtu huyu, ambaye baadaye angesikiliza kwa makini tofauti za sauti kati ya kijiji na kijiji katika Vanga na Wasini, alitawala wilaya ambamo kahawa ilikuwa ikianza kupandwa kwa amri. Hatudai kuwa alizikusanya istilahi za wakulima wa kahawa. Tunasema tu kwamba kazi ya mtawala na kazi ya mwanaisimu zilikutana katika mtu mmoja, na ile ya pili ilielekezwa kwingine. Msamiati wa shamba jipya uliachwa ukue wenyewe.

4. Mkono na makasi

Nkubu ipo karibu mno na Ikweta, upande wake wa kusini, kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, katika mwinuko wa mita 1,400 hivi. Juu yake, kuelekea msituni, ni nchi ya chai. Chini yake, kuelekea Mitunguu, joto huongezeka na migomba hutawala. Kahawa ina ukanda wake katikati. Udongo ni mwekundu, wa asili ya volkeno, wenye kina kirefu. Mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, na katikati ya misimu hiyo pana ukavu ambao mgeni huuona kuwa ni hasara.

Mkulima haoni hivyo. Vitumba vya maua ya mbuni hulala wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza huviamsha. Baada ya siku kumi hivi shamba zima hugeuka jeupe na kunukia. Bila ukavu huo maua yangetoka kidogokidogo, na matunda yangeiva bila mpango. Katika nchi za Ulaya, mzabibu hulazwa na baridi. Dodoma, ambako hakuna baridi ya kutosha kuulaza, mkulima huutengenezea mti msimu wake kwa makasi: akipogoa huuamsha, na kwa kupogoa mara mbili aweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Nkubu, kiangazi hufanya sehemu ya kazi hiyo na makasi humalizia.

Sheria ya upogoaji ni moja kwa miti yote miwili. Mbuni huzaa katika sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na kifundo kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Kwa hiyo anayepogoa leo anapanga mavuno ya mwakani. Mti ulioachwa na matawi mengi huzaa sana mwaka mmoja, kisha matawi hukauka ncha, matunda yakawa membamba, na mwaka unaofuata hakuna kitu. Mkulima huondoa machipukizi, huacha mashina mawili au matatu, na baada ya miaka kadhaa huyakata yaliyochoka ili mengine yashike nafasi. Kwa nafasi ya kizamani ya futi 9 kwa 9, hektari moja huchukua miti 1,330 hivi, na kila mti hutaka uamuzi wake. Kukata tawi lenye afya, lenye majani ya kijani, kwa ajili ya tunda ambalo halijaonekana, ni jambo lisiloweza kufanywa na mtu anayefuata amri tu. Hapo ndipo ufundi ulipohama kutoka kwa ofisa kwenda kwa mwenye shamba.

Mbegu nayo ina historia yake. Aina zilizoipa kahawa ya Kenya sifa yake ni SL 28 na SL 34, zilizochaguliwa katika miaka ya 1930 katika maabara ya Scott, Kabete. SL 28 ilitokana na miti ya Tanganyika iliyoonekana kuvumilia ukame. Aina zote mbili husifiwa kwa ladha, na zote mbili hushambuliwa na chulebuni na kutu ya majani. Mwaka 1985 ilitolewa Ruiru 11, yenye kustahimili magonjwa hayo na kupandwa kwa msongamano zaidi, kiasi cha miti 2,500 kwa hektari. Na mwaka 2010 ikatolewa Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha mlima uleule unaoitazama Nkubu.

Baada ya kuchuma, ubora hupotea kwa saa kuliko kwa siku. Matunda mekundu peke yake hutakiwa. Yale mabichi na yaliyokauka hutengwa juu ya turubai kwa mkono. Siku hiyohiyo hupelekwa kiwandani, yakamenywa, yakachachushwa ili ule utelezi uachane na punje, yakaoshwa, yakalowekwa tena katika maji safi, kisha yakaanikwa juu ya vichanja na kugeuzwageuzwa mpaka unyevu ubaki sehemu 11 hivi kwa mia. Kilo 6 au 7 za matunda hutoa kilo moja ya kahawa safi. Kazi hii yote, tangu kitalu hadi kichanja, ndiyo methali yetu inayoiita kizuri.

5. Kutoka kukatazwa kupanda hadi kukatazwa kung'oa

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yalikwenda mbio. Sheria ya ushirika ya mwaka 1945 iliwafungulia Waafrika njia ya kuunda vyama vya kumenya na kuuza kahawa yao. Kisha ikaja Hali ya Hatari ya mwaka 1952. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotengewa pauni milioni 5, ulikusudia kuwapa Waafrika ardhi zenye hati na mazao ya biashara ili kutuliza uasi. Katika wilaya zilizoguswa na vita hivyo, kibali cha kahawa kiliweza kuwa tuzo ya uaminifu kwa serikali. Kwa hiyo miti mingi ya wakati huo, ambayo leo wajukuu wanaichuma, ilipandwa katikati ya mgawanyiko wa jamaa na jirani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kahawa ilikuwa imekwisha kuwa zao la wakulima wadogo kwa maelfu yao. Hoja ya walowezi ilijibiwa na soko lenyewe: kahawa ya vyama vya ushirika vya mteremko wa Mlima Kenya iliingia mnadani Nairobi na kuwania bei za juu. Baridi kali iliyoua kahawa ya Brazil mwezi wa Julai 1975 ilipandisha bei ya dunia, na miaka ya 1976 na 1977 inakumbukwa katika nchi ya kahawa kwa karo zilizolipwa na mabati yaliyoezekwa. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilizalisha takriban tani 129,000, kiasi ambacho haijakifikia tena.

Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa viwango vya mauzo yalivunjika, na bei zikaporomoka. Hapo sura nyingine ya sheria ikaonekana. Chini ya sheria ya kahawa iliyorithiwa kutoka ukoloni, mkulima hakuwa na ruhusa ya kung'oa kahawa yake bila kibali. Babu alikatazwa kupanda. Mjukuu akakatazwa kung'oa. Wakulima walijibu kwa njia ya kimyakimya: waliuacha mti usimame, wakaacha kuupogoa, wakapanda maharagwe na migomba katikati ya mistari. Katika Imenti, chai, maziwa, ndizi na baadaye makadamia vilichukua nguvu zilizokuwa za kahawa. Mavuno ya taifa yalishuka hata chini ya tani 50,000 kwa mwaka. Sheria mpya ya mwaka 2001 ililegeza mambo, na tangu 2006 wakulima waliweza kuuza moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje bila kupitia mnadani. Lakini mti uliokwisha kupuuzwa miaka kumi haurudi kwa tangazo la gazeti.

6. Nani anaonja?

Sasa turudi kwenye lugha. Tumekwisha kuona kuwa katika Kiswahili mbuni ni jina la mti. Katika biashara ya kahawa ya Kenya, neno hilohilo limepewa kazi nyingine: mbuni ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake bila kumenywa, yaani ile iliyookotwa chini, iliyoiva kupita kiasi au iliyokosa kufika kiwandani kwa wakati. Ndiyo daraja ya mwisho kabisa. Madaraja ya juu yanaitwa kwa herufi za Kizungu: AA, AB, PB. Hivyo katika orodha nzima ya mnada, neno la Kiswahili lililosalia ni lile la kutaja kilicho duni. Hatuoni kuwa mtu yeyote alikusudia tusi. Lugha ilitua palipokuwa na nafasi, na nafasi iliyoachwa ilikuwa chini.

Aidha, herufi hizo hazisemi wanachodhaniwa kusema. AA hutaja ukubwa wa punje, ile isiyopita katika tundu la zaidi ya milimita 7. PB ni punje ya mviringo iliyokua peke yake katika tunda. Ladha hupimwa kwingine, kwa daraja za tarakimu kutoka 1 hadi 10, zinazotolewa na waonjaji kwa kunusa, kunywa kwa mvuto na kutema. Ni hao wanaosema kuwa kahawa hii ina uchachu kama wa mvinyo, na ile ina harufu ya matunda. Neno qahwa limerudi nyumbani kwa namna ya ajabu: kahawa ya mteremko wa Mlima Kenya husifiwa kwa kulinganishwa na kinywaji kilichoipa jina. Lakini sifa hizo hutajwa kwa Kiingereza, katika chumba cha jiji, na mkulima wa Nkubu, ambaye asubuhi hunywa chai ya maziwa, aghalabu hupata tarakimu tu, tena baada ya miezi.

Kuna jambo lingine zito zaidi. Kiwandani, matunda ya mkulima hodari humwagwa katika birika moja na ya jirani yake mzembe, na wote hulipwa kwa kilo kwa bei moja. Ushirika usingeweza kufanya vinginevyo bila gharama kubwa; mashine ya kumenya haiwezi kuendeshwa kwa debe moja moja. Lakini matokeo yake ni kwamba kizuri cha mtu mmoja hakina njia ya kujiuza. Huuzwa kikiwa kimechanganywa, na watu wengine, kwa maneno ya wengine. Ndiyo maana katika mikutano ya vyama ubishi huwa juu ya mizani na makato kuliko juu ya ladha: mizani ni kitu ambacho kila mmoja anaweza kukiona.

Upande wa Tanzania, neno chulebuni limeingia katika vitabu vya kilimo na vinywani mwa wakulima, na mtu aweza kusimama katika mkutano akalitumia bila kutafsiriwa. Ni mfano mdogo wenye funzo kubwa. Ugonjwa uliopata jina katika lugha ya mkulima huweza kujadiliwa naye. Ladha iliyokosa jina haiwezi. Kimeru cha Imenti, bila shaka, kina maneno yake ya uchachu, ukali, utamu na harufu, yaliyokomazwa kwa asali, uji na pombe ya miwa. Kiswahili kina yake. Kazi ya kuyakutanisha na kikombe cha mwonjaji haijafanywa vya kutosha, nayo ni kazi ya idara kama zetu kuliko ya ofisa wa kilimo. Haitafanywa kwa kukaa mezani na kubuni istilahi. Itafanywa kwa kumpa mkulima kikombe cha kahawa yake mwenyewe na kuandika anachosema.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa ubora katika historia ya kahawa ya Nkubu ulipitia mikono mingi. Walowezi waliutumia kuwa ukuta; serikali ya kikoloni ikaufanya amri; soko likaufanya herufi na tarakimu. Katika yote hayo, ubora wenyewe, ule wa tawi lililokatwa kwa wakati na tunda jekundu lililotengwa na lile bichi, ulifanywa na watu ambao jina lao halikuandikwa katika gunia. Hoja kwamba Mwafrika hangeweza kulima kahawa bora ilishindwa shambani. Hoja kwamba anayeitengeneza ndiye anayestahili kuitaja na kuithamini bado haijashinda mnadani.

Je, kizuri chajiuza? Historia hii yatufundisha kuwa methali hiyo ilitungwa kwa soko ambamo mwuzaji na mnunuzi hutazamana, na kitu kipo kati yao. Pale ambapo kati yao pana leseni, birika la pamoja, mnada na lugha ya watu wengine, kizuri hakijiuzi. Chahitaji mwenye kukisemea. Mkulima wa Nkubu amekwisha kumiliki makasi. Lililobaki ni kikombe, na maneno ya kukielezea.